Sauti Niliyompa Mwendawazimu wa Filamu

Hii aibu nimeikalia kwa muda mrefu, na ningeendelea kuikalia kama mmoja wenu hangeniuliza juzi, mbele ya watu, kwa nini siku hizi filamu ikifika mahali pa kichaa mimi huweka maiki chini na kunyamaza. Nilicheka nikasema koo linaniuma. Ulikuwa uongo, koo langu ni zima kabisa. Basi wacha niwaambie mara moja, mnicheke mtakavyonicheka, halafu jambo hili tusiulizane tena.

Kwa asiyenijua, jina langu ni Wafula, na siku za kazi nauza mbegu na dawa za ng'ombe katika duka moja hapa Eldoret mjini, lakini Jumamosi, na Jumapili baada ya kanisa, mimi ni DJ Tarumbeta (jina nilijipa mwenyewe, hakuna aliyeniomba). Kazi ya DJ wa filamu ni hivi: watu wanakaa kwenye mabenchi ndani ya kibanda cha video cha Mzee Rotich kule Kiplombe, filamu ni ya Kizungu au ya Kikorea, sauti yake tunaipunguza, na mimi nakaa kando ya skrini na maiki nikiwaeleza kwa Kiswahili yale yanayosemwa, na pale ambapo mimi mwenyewe sielewi (ni pengi) natunga. Wengine hurekodi nyumbani wakisahihisha makosa yao polepole. Mimi napiga papo hapo, kwa sababu napenda kusikia watu wakicheka, na huo ndio ugonjwa wangu. Tena tuna desturi moja: hatumwachi mtu wa filamu na jina lake. Jambazi tunampa jina la kinyozi wa pale steji ya matatu, mrembo tunamwita kwa jina la muuza chapati, ili watu wauone mtaa wao umeingia ndani ya filamu. Ukitajwa na DJ unatembea wiki nzima umeinua kichwa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa dogo sana. Sikuitazama filamu kabla ya kuionyesha. Niliona picha ya mtu ameshika kisu, nikajua ni vita, nikajua leo Kiplombe watakula mateke mpaka washibe, nikaiweka. Dakika ya kumi hakuna aliyepigwa. Dakika ya ishirini hakuna hata aliyetukanwa. Ilikuwa moja ya zile filamu za kutisha akili: mtu yuko ndani ya nyumba kubwa, anatazama mlango, mlango hausemi kitu, kamera inamkaribia jicho mpaka unaona mishipa, vinanda vinalia kama nyuki, halafu tunaonyeshwa tena mlango. Wanaojua filamu wanasema hapo ndipo ufundi wake ulipo, kwamba woga unatengenezwa kwa kimya. Sawa. Lakini kimya ni adui wa mtu wa kazi yangu. Mimi hata nyumbani nikinyamaza dakika mbili mke wangu huuliza kama naumwa. Nikaanza kuona vichwa vinageuka kwenye mabenchi, mmoja akatoa simu, mwingine akapiga miayo ya kusikika, na nikajua nikiwapoteza hawa leo, Jumamosi ijayo watakuwa kwa DJ mpinzani wangu mwenye skrini mpya.

Ndipo kwenye filamu bomba la jikoni likaanza kudondosha maji. Tone. Tone. Yule mtu akageuza kichwa polepole. Na mimi, bila kufikiri hata kidogo, nikakaza koo nikatoa sauti ya kukwaruza, nusu kulia nusu kunguruma: "Nani ameacha mfereji wazi?"

Kibanda kilianguka kwa kicheko. Nikarudia. Wakacheka zaidi, na safari hii kwenye kicheko kulikuwa na woga, ule woga mtamu wa mtu aliye salama, kina mama wakajifunika leso usoni huku wakichungulia. Nikaona nimegusa mahali. Kila kamera ilipokwenda mlangoni nikaitoa ile sauti, na mtu wetu alikuwa bado hana jina, nikampa la kwanza lililonijia. Nikamwita Mwalimu.

Sasa lazima niwaambie lile jina na yale maneno niliyatoa wapi, na hapa ndipo aibu inapoanza.

Nina kaka mkubwa, Simiyu. Ndiye aliyenifundisha kusoma tukiwa wadogo kule Bungoma, akiniandikia herufi kwenye vumbi la uani kwa kijiti, na baadaye akawa mwalimu wa hesabu wa kweli, mwenye kalamu tatu mfukoni, mpaka hata mimi na wazazi wetu tukamwita Mwalimu. Mwaka mmoja kabla ya haya akaanza kuugua akili. Hakumpiga mtu, hakuvua nguo barabarani, hakufanya lolote la yale mnayoyaona kwenye filamu. Alianza tu kuogopa maji. Aliamini kuna mfereji mahali fulani umeachwa wazi na maji yanakuja kuchukua watoto, hakuna aliyejua kwa nini maji, na akawa hawezi kumaliza somo bila kutoka darasani kwenda kuangalia. Alilazwa wadi ya wagonjwa wa akili wiki kadhaa, akapewa dawa, kisha daktari akasema anahitaji mahali patulivu, na mke wangu Nekesa akasema aje kwetu Kiplombe. Tulikuwa na mtoto wa miezi minane wakati huo. Majirani tuliwaambia Mwalimu amekuja kwa likizo.

Mwanzoni alikuwa akisimama mlangoni mchana, anauliza, "Nani ameacha mfereji wazi?" Kisha anatoka kwenda kwenye mfereji wa ploti, ule wa wapangaji wote, anaushika, anarudi, na baada ya muda anauliza tena. Nekesa alikuwa akimjibu. Mimi sikumjibu hata mara moja. Nilikuwa nageukia ukuta au simu, naona haya, lakini kumbe sikio langu la DJ lilikuwa linafanya kazi yake, linashika maneno na kuyaweka akiba. Miezi ikaenda, dawa zikafanya kazi, akaacha kuuliza, akaanza kunyoa ndevu, akamtengenezea mtoto wetu gari la vibati vya soda. Akaanza kuwasaidia watoto wa jirani hesabu. Wiki ile ninayowasimulia mwalimu mkuu wa shule ya karibu alikuwa amekwisha kumwambia Jumatatu aje aanze, kwa majaribio, darasa la nne. Nekesa alimpigia shati lake pasi tangu Alhamisi.

Lakini nimeruka. Kati ya ile Jumamosi ya kwanza na hiyo wiki kulikuwa na Jumamosi nyingine tatu, maana ile filamu iliombwa tena na tena. Sijawahi kuombwa filamu hivyo. Watu walikuja kutoka Cheptiret kumsikia Mwalimu wa mfereji. Mtu akirekodi kwa simu anamtumia mwenzake, vijana wa bodaboda wakisalimiana wanaulizana nani ameacha mfereji wazi, na mimi nikitembea mtaani naitwa kutoka ng'ambo ya barabara, nainua mkono kama mbunge. Nikaongeza chumvi. Nikamfanya Mwalimu ahesabu kwa sauti, nikamfanya azungumze na chaki. Sauti ilizidi kukwaruza kila wiki mpaka nikawa narudi nyumbani nimekauka koo, siwezi kuita hata kuku.

Nekesa alisikia ile rekodi kwa simu ya jirani. Hakupiga kelele. Alinisubiri nimalize kula, akaniambia, "Baba Junior, hiyo maneno naijua. Umeitoa kwa nyumba yangu. Mwalimu akiisikia utamwambia nini?"

Nikamwambia ni filamu tu, hakuna anayejua, na Mwalimu mwenyewe haingii vibandani. Akaondoa sahani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na la mke je? Lile halivunji guu, linakuvunja mahali pengine.

Mwalimu mwenyewe, kusema kweli, aliwahi kuniomba mara mbili aje aone kazi yangu. Mara ya kwanza nikasema leo kumejaa, mara ya pili nikasema umeme unasumbua. Alisema sawa, siku nyingine, na kwamba anafurahi nimepata kipaji changu, kwa sababu tangu utotoni nilikuwa naongea sana. Mtu akikuambia hivyo nawe unajua ulichomfanyia, unapaswa kukaa chini na kutubu. Mimi nilikwenda kutafuta betri za maiki.

Basi ikafika Jumamosi yenyewe, siku mbili kabla ya Jumatatu yake. Saa tisa mchana, jua kali, kibanda kimejaa mpaka watu wamesimama ukutani, na kwenye benchi la mbele ameketi Mama Chebet, mama mmoja mchangamfu ambaye binti yake yuko darasa la nne katika ile shule. Filamu ilikuwa imefika mahali pake pabaya kuliko pote: yule mwendawazimu ameshika kisu, anapanda ngazi, anakwenda kwenye chumba cha mtoto mchanga. Kila wiki hapo nilikuwa nauliza kwa sauti ile, na kibanda kizima kinaniitikia. Nikavuta pumzi nikauliza. Watu zaidi ya themanini wakaitikia kwa pamoja, "Nani ameacha mfereji wazi?" Na pazia la mlangoni likasogea, mwanga ukaingia, nikamwona kaka yangu amesimama na flaski mkononi.

Alikuwa ameniletea chai ya tangawizi. Nimekuja kuambiwa baadaye kwamba asubuhi ile alinisikia nikikohoa, akamuuliza Nekesa kama DJ anaweza kufanya kazi na koo kama lile, akachemsha tangawizi mwenyewe. Lile koo nililiharibu kwa kumwigiza yeye.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu mpaka hapo hakuna aliyejua kitu. Kama ningenyamaza, kama kwa mara moja maishani mwangu ningenyamaza, angesimama pale, labda angeelewa, labda angeniuliza nyumbani, na mambo yangebaki ya ndugu wawili. Lakini mimi nikaamua kurekebisha filamu. Nikaibadilisha sauti katikati, nikaifanya nyembamba na ya heshima, nikatangaza kwamba jamani huyu tumemwonea bure, huyu si kichaa wala hajawahi kuwa mwalimu, huyu ni fundi wa mabomba ametumwa kuangalia maji. Kwenye skrini yule mtu anapanda ngazi na kisu. Mtu wa nyuma akauliza fundi gani huyo na kisu cha nyama. Nikasema ni cha kukatia tepu. Kicheko kikavunja mbavu za watu, wakadhani ni utani mpya, wakaanza kupiga mabenchi kwa viganja, mfereji, mfereji, na kadiri nilivyotaka kuuzima ndivyo ulivyowaka.

Nikaona dawa ni kuzima kila kitu. Nikainuka ghafla, mguu wangu ukanasa kwenye waya wa spika, spika ikaanguka na kupiga mluzi wa kutoboa masikio, nami nikaanguka juu yake kifudifudi, na katika kujishika nikabonyeza kitufe ambacho sikijui hadi leo, filamu ikasimama uso wa mwendawazimu ukiwa umejaza skrini nzima, macho yametoka. Mzee Rotich akadhani ni moto, akafungua ubao wa dirisha. Mwanga wote ukaingia. Watu wakageuka kuona ninamtazama nani. Na mimi nikiwa pale chini, magoti kwenye vumbi, maiki bado mkononi na bado inafanya kazi, nikasema kwa sauti iliyofika hadi barabarani:

"Mwalimu, si wewe. Naapa si wewe."

Ulimi uliponza kichwa, lakini wangu uliponza kichwa cha mwenzangu. Hakuna aliyecheka tena. Unaona macho ya watu yakimtoka yule wa kwenye skrini na kumwendea yule wa mlangoni, yanarudi, yanakwenda tena, yanalinganisha. Mama Chebet aliweka mkono mdomoni. Akasema polepole, si kwa ubaya, kama mtu anayejisemea mwenyewe, "Kumbe ni yule wa Jumatatu."

Simiyu hakukimbia. Alipita katikati ya mabenchi, watu wakimpisha zaidi ya nafasi aliyohitaji (hilo niliona, na najua aliona), akaiweka flaski mezani kando ya mashine yangu. Akanitazama.

"Hiyo sauti umekosea," akaniambia. "Sikuwa napiga kelele. Nilikuwa nauliza polepole, kwa sababu mtoto wako alikuwa amelala."

Akatoka. Nilimsikia akimwomba radhi mtu mlangoni kwa kumkanyaga.

Nikiwaza leo, najua kwamba filamu za namna hiyo haziwezi kumwonyesha mtu kama yeye, kwa sababu hazina kazi naye. Zinataka mgonjwa awe ndiye kitisho, apande ngazi na kisu, ili sisi tulio kwenye mabenchi tujione wazima. Nyumbani kwangu mambo yalikuwa kinyume. Aliyekuwa mgonjwa ndiye aliyekuwa akiogopa, akiogopa kwa niaba yetu sote, na hata katikati ya woga ule mkubwa alikumbuka kushusha sauti mtoto asiamke. Nilimwona kwa macho yangu kila siku. Halafu nikachukua maneno yake nikayatia kinywani mwa mtu mwenye kisu, nikawafundisha watu themanini kumwogopa kaka yangu kabla hawajamjua.

Na walijifunza vizuri. Jumatatu asubuhi alivaa lile shati, akaenda, na saa nne alikuwa amerudi. Wazazi kadhaa walikuwa wamemtangulia ofisini, na habari za wadi zilikuwa zimeshawafikia. Mwalimu mkuu alimpokea kwa adabu, akamwambia wangoje kidogo mambo yatulie, labda muhula ujao. Nilikwenda shuleni mwenyewe kueleza kwamba makosa ni yangu, kwamba yale yote nilitunga, na mwalimu mkuu akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama na lile la kulazwa nilitunga. Nilikwenda pia kwa Mama Chebet. Alilia, akasema anamhurumia sana, akasema lakini Wafula, mimi ni mzazi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Simiyu hakunigombeza. Ningefurahi kama angenigombeza. Alikaa wiki mbili, akaanza tena kutoka kwenda kuushika mfereji wa ploti, na watoto wa jirani waliokuwa wakija kwa hesabu sasa walikuwa wakichungulia uani na kukimbia. Halafu akafunga begi akaenda Timboroa kwa shangazi yetu, anayelima viazi huko juu kwenye baridi. Aliniachia vitabu vyake vya hesabu, akasema vitamfaa Junior.

Nilimfuata mwezi uliopita. Mpaka hapo nilikuwa nimetuma salamu tu, maana kwa simu kila nikianza kuomba msamaha naongea, naongea, naongea, na yeye ananiambia sawa Wafula. Safari hii niliahidi moyoni sitasema mengi. Shangazi alitupikia viazi, akatupa na mursik, yale maziwa yaliyogandishwa kibuyuni, tukakaa jikoni sisi wawili tukisikiliza mvua ya mchana kwenye mabati, na kwa mara ya kwanza nikauvumilia ukimya wala sikufa. Anafundisha watoto wawili wa jirani wa shangazi, wazazi wao wanajua kila kitu, aliwaeleza mwenyewe. Amepungua mwili. Anacheka bado.

Mvua ilipokatika kidogo, akainua kichwa kutoka kwenye sahani. Niliona mikono yake imesimama. Akauliza polepole, kama alivyokuwa akiuliza siku zote, bila kunitazama, "Nani ameacha mfereji wazi?"

Nikasimama. Nikatoka nje kwenye ile baridi na matope, nikazunguka nyumba, nikaukuta mfereji wa shangazi umefungwa kabisa, nikaushika, nikaukaza. Nikarudi ndani mkono ukinidondoka maji.

"Umefungwa, Mwalimu," nikamwambia. "Nimeushika mimi mwenyewe."

Akautazama mkono wangu. Akaitikia kwa kichwa, akavuta sahani, akaendelea kula.